Kwikwi ya Dovie Rae

Ile kwikwi maarufu ya mwimbaji Dovie Rae Culpepper, iliyowaliza madereva wa malori kutoka Tennessee mpaka Texas, ilikuwa punje ya mkate wa mahindi. Nina uhakika na ninachosema, kwa sababu punje yenyewe ilinasa kooni mwangu mimi, si mwake.

Wakati huo nilikuwa naimba demo. Nashville ilijaa watunzi waliojua kuandika wimbo lakini sauti zao zilifaa kufukuzia ndege shambani. Basi walimtafuta mtu kama mimi awaimbie wimbo kwenye utepe, utepe upelekwe kwa nyota, na nyota akiupenda aurekodi kwa jina lake. Mwimbaji wa demo hana jina. Haandikwi kwenye santuri wala gazetini, na nyota akikutana naye dukani humuuliza viatu vya saizi ndogo viko wapi. Nilifanya kazi hiyo miaka sita, na sitajifanya mnyenyekevu, nilikuwa hodari. Ukitaka wimbo uimbwe kama fulani, nilikuimbia kama fulani mpaka mama yake mzazi angeandaa meza.

Lakini nilichotaka ni kitu kimoja: santuri yenye jina Wilodean Stamper katikati, pale kwenye duara, kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma bila miwani. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Katika muziki wa kantri mwanamke wa umri huo asiye na santuri huanza kuulizwa kama anajua kupiga chapa. Sikujua kupiga chapa, na sikutaka kujifunza.

Punje yenyewe ilikuja hivi. Mtunzi mmoja, Cletus Pruett, alipewa talaka siku ya Jumatatu, na Jumatano alikuwa ameshaitungia wimbo, maana watu wa kantri hatutupi kitu. Yeye na mkewe waligombania vitu viwili, friza la nyama na mbwa, na wimbo ukaitwa Chukua Friza, Niachie Mbwa. Kwa kuwa habari zilizagaa mjini kwamba Dovie Rae anatafuta nyimbo, Cletus alimgeuza mume wa kwenye wimbo kuwa mke, akaniita saa ya chakula cha mchana kwenye gereji ya binamu yake tuliyoiita studio.

"Imba kama Dovie Rae," akaniambia.

"Dovie Rae huimba kama yeyote aliyemtangulia kwenye demo," nikamjibu. "Sasa hapo nimuige nani?"

"Wewe imba, mama. Mbwa wangu ananisubiri garini."

"Kwa hiyo mbwa ulimpata?"

"Nimemwiba."

Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na mkononi nilikuwa na kipande cha mkate wa mahindi wa jana yake, mkavu kama tofali. Nikameza, nikaimba. Mwisho wa mstari wa pili, pale friza linapopita mlangoni, punje ikanasa. Sauti ikapanda, ikakatika, ikashuka tena. Nikainua mkono turudie. Cletus alikuwa analia.

"Usiguse hapo," akasema. "Hapo hapo ndipo nilipomwona mke wangu akilisukuma friza ngazini."

"Ni mkate, Cletus. Nimepaliwa."

"Hata yeye alikuwa anaoka mkate mzuri," akasema, akapenga kamasi, na demo ikaenda hivyo hivyo ilivyo.

Miezi miwili baadaye nilikuwa jikoni nakaanga bamia, redio imewashwa, nikajisikia nikiimba. Ilikuwa sauti ya Dovie Rae, nzito kidogo kuliko yangu, lakini kila kitu kingine kilikuwa changu. Kwikwi ilikuwa palepale, mwisho wa mstari wa pili. Na haikuwa kwikwi tu. Nilikuwa nimemeza mate kabla ya kiitikio ili kuisukuma ile punje, na Dovie Rae Culpepper, nyota mwenye basi lake na gauni la shanga, alikuwa amemeza pamoja nami. Bamia zikaungua.

Wimbo ukapanda mpaka namba moja, ukakaa huko kama umelipa kodi ya nyumba. Gazeti moja likaandika kwamba ile kwikwi ni kilio cha kila mwanamke wa Kusini aliyewahi kuachwa. Mchungaji mmoja kule Alabama aliihubiri Jumapili nzima. Wanawake waliiiga wakiosha vyombo, na mwalimu wangu wa zamani wa shule ya Jumapili aliniandikia kunishauri nimsikilize Dovie Rae kwa makini, huenda nikajifunza kitu.

Na kazi zikanimiminikia, nisiseme uongo. Sasa kila mtunzi alitaka demo yenye kwikwi. Wimbo wa reli, kwikwi. Wimbo wa mama aliyekufa, kwikwi tatu. Tangazo la dawa ya meno, kwikwi. Kulikuwa na mtunzi kijana, kofia yake mpya bado ina alama ya boksi, ambaye alinisimamisha katikati ya wimbo.

"Si hivyo, dada," akasema. "Dovie Rae huivuta zaidi, halafu anaiachia polepole. Umeisikiliza kweli santuri yenyewe?"

"Nimeisikiliza."

"Basi isikilize tena."

Nikaenda dukani, nikanunua santuri, nikakaa kitandani nikijifunza jinsi nilivyopaliwa. Nilikasirika mpaka nikacheka, kisha nikakasirika upya kwa sababu nilikuwa nacheka. Lakini nilijifunza, na kijana yule aliridhika.

Lum Hargis ndiye aliyenitoa hapo. Lum alikuwa mpigaji wa gitaa la kulaza mapajani, lile linaloomboleza nyuma ya kila wimbo wa kantri, mtu mnene, mpole, mwenye ulimi mkali, na alikuwa amepiga kwenye demo ya friza na kwenye santuri ya Dovie pia. Akanipeleka kwa Orville Gann, bwana mkubwa aliyekuwa akimrekodi Dovie Rae na nusu ya mji. Nikamwimbia Bwana Gann wimbo wangu mwenyewe, peke yangu na gitaa, ofisini kwake, miguu yake ikiwa juu ya meza.

Wimbo huo uliitwa Mama Bado Anapika kwa Watu Wanne. Kaka yangu Harlan alikwenda Detroit kutengeneza magari, kama vijana wote wa kwetu Kentucky, na mama akaendelea kupika viazi vilevile, idadi ileile, mwaka baada ya mwaka. Wimbo ulikuwa huo tu. Sikuwahi kuutoa kwa mtu autumie, kwa sababu ulikuwa wa kwetu.

Bwana Gann alishusha mguu mmoja.

"Wimbo mzuri," akasema. "Mzuri sana. Tatizo lako, bibie, unamwiga Dovie Rae."

Nilitaka kumrukia shingoni. Lum akanishika kiwiko.

"Bosi, ile kwikwi ni ya huyu," akasema. "Nilikuwepo. Alikuwa anakula."

"Sibishi, Lum. Hata kama aliirithi kwa Nuhu, watu wameinunua kwa Dovie. Siwezi kuuza kwikwi mbili." Akanitazama, na kwa haki yake, hakunitazama vibaya. "Alhamisi Dovie ana studio kuanzia saa nne mpaka saa saba. Nyimbo mbili tu, na huwa anamaliza mapema. Muda utakaobaki ni wako. Wimbo mmoja. Lakini nikisikia kwikwi hata moja, urudi kwenye demo zako na usinigongee mlango tena."

Alhamisi nilifika nimevaa gauni la kanisani. Dovie Rae alikuwa na rola za nywele kichwani chini ya kitambaa, malapa miguuni, na mfuko wa karanga za kuchemsha mapajani. Alirekodi nyimbo zake mbili kama mtu anayekunja nguo zilizokauka. Demo ya kila wimbo alikuwa amelala na kuamka nayo kwa wiki nzima, na hakuna mahali alipotofautiana nayo. Nilizijua, demo zote mbili niliziimba mimi. Saa sita ilipogonga alikuwa amemaliza, na badala ya kuondoka akavuta kiti kando ya piano.

"Kumbe ndiye wewe," akaniambia. "Ile kwikwi, shoga, nilidhani umeiweka makusudi. Nilikaa siku nne nikiitafuta. Mume wangu akafikiri nimekabwa na mfupa, akanipiga mgongoni mpaka nikatema jino la bandia."

"Ilikuwa mkate wa mahindi, dada Dovie."

Akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Usimwambie mchungaji wa Alabama," akasema.

Wapigaji wa vyombo waliujua wimbo wangu kabla sigara ya Lum haijaisha. Huko hakuna anayesoma nota. Lum aliandika namba chache nyuma ya pakiti, akawaonyesha wenzake, wakaitikia kwa kichwa, basi. Hollis, fundi wa mitambo, akanionyesha kwa kidole gurudumu la utepe lililokuwa linazunguka nyuma ya kioo. Bwana Gann alikuwa bahili wa kuzaliwa. Hakunipa utepe mpya, alinipa mkia uliobaki mwisho wa utepe wa Dovie, unaotosha wimbo mmoja na pumzi kidogo. Nikikosea, Hollis anarudisha nyuma na kurekodi juu yake.

Taa nyekundu ikawaka. Nikaimba mstari wa kwanza vizuri. Mstari wa pili kwikwi ikatoka, yenyewe, bila kuitwa, kama mbuzi anayejua njia ya kwake.

"Rudisha," ikasema spika ya Bwana Gann, aliyekaa na Hollis nyuma ya kioo.

Safari ya pili nikaibana kooni, ikatokea puani. Mpiga ngoma akainama nyuma ya ngoma zake na mabega yakawa yanatikisika.

"Hiyo ni mpya," Lum akasema. "Hiyo hata Dovie hana."

"Rudisha."

Safari ya tatu nikaimba nimekaza kila kitu, taya, tumbo, vidole vya miguu. Kwikwi haikutoka. Wala kitu kingine chochote hakikutoka.

"Wilodean," ikauliza spika, "nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Bwana Gann."

"Basi mbona tupo mazishini? Rudisha, Hollis."

Safari ya nne nilianza kwa sauti ya mwanamke mwingine kabisa, ambaye nilikuwa nimewahi kumwiga kwenye demo za Krismasi. Nilisimama mwenyewe kabla hawajanisimamisha. Nikavua vifaa vya masikioni. Nilijitahidi nisilie, nikalia, mbele ya wanaume saba na Dovie Rae Culpepper.

"Sijui sauti yangu ni ipi," nikasema. Niliogopa niliposikia maneno hayo, kwa sababu yalikuwa kweli. Miaka sita nilikuwa nimeimba kama kila mtu aliyehitajika, na nilipojitafuta mle ndani nilikuta rafu imejaa vitu vya watu.

Dovie alitema ganda la karanga kiganjani.

"Tatizo hajasikia demo," akasema.

"Dovie, wimbo ni wake," Bwana Gann akajibu kwenye spika. "Ameutunga yeye."

"Sasa? Mimi sijawahi kuimba wimbo ambao hakuna aliyeniimbia kwanza. Mtu atauonaje akiwa ndani yake? Hebu nipisheni." Akavua malapa, akaja kwenye kipaza sauti, akanisukuma taratibu kwa nyonga. "Kaa pale kwenye kiti changu. Kula karanga. Sikiliza."

"Nani atakuongoza?" nikamuuliza. "Hujawahi kuuimba."

"Si nimekaa hapa nikiusikia ukiuharibu mara nne? Maneno ninayo."

Bwana Gann akamwinulia Hollis kidole, kwa mazoea tu nadhani, na taa nyekundu ikawaka. Dovie hakuwasubiri wapigaji. Neno la kwanza la wimbo ni Mama, na alilisema peke yake, kavu, kabla gitaa hata moja halijaguswa, na wao wakamkimbilia nyuma.

Sijawahi kuisikia sauti ile kabla ya siku hiyo. Ilikuwa ya kukwaruza, imenyooka, haina pambo hata moja. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyesimama mlangoni anawaita watu waje kula kabla chakula hakijapoa. Alipofika kwa Harlan na Detroit hakulia wala hakutikisa sauti. Alisema tu kwamba viazi vimebaki, na ilikuwa vibaya zaidi kuliko kulia. Lum, ambaye kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kukosa mahali pake, alikosa mahali pake. Mimi nilikuwa na karanga mdomoni na nikasahau kuitafuna. Nilimwona mama yangu, nilimwona kabisa, na aproni yake.

Ulipoisha spika ikakoroma.

"Dovie," Bwana Gann akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Hiyo ndiyo santuri. Miaka kumi na moja nakurekodi, na hiyo ndiyo santuri. Hollis, ihifadhi."

Hollis akakuna sikio. "Bosi, huo ndio mwisho wa utepe. Nikiihifadhi hii, ya Wilodean haina pa kukaa."

"Chukua utepe mpya."

"Zimefungiwa kabatini. Ufunguo anao Miss Eulalene wa mapokezi, na Miss Eulalene amekwenda kula."

Tukatazama saa ya ukutani, wote pamoja. Ilikuwa inakaribia saa saba kasorobo. Saa saba ikifika, wapigaji wa Nashville hufunga masanduku yao hata kama malaika yuko katikati ya ubeti, na hakuna wa kuwalaumu, ndio mkataba wao.

"Wilodean tutamrekodi siku nyingine," Bwana Gann akasema. Sote tuliijua siku hiyo nyingine. Haiko kwenye kalenda yoyote.

Nilijua pia kinachonisubiri. Dovie Rae angeutoa wimbo wangu, ungekwenda juu, na jina langu lingekuwa chini, kwenye mabano, pale wanapoandikwa watunzi. Mtu mwenye akili angeshukuru. Na kibaya zaidi, alikuwa ameuimba vizuri kuliko nilivyoweza kuota, na sehemu yangu moja ilitaka uhifadhiwe, ili nirudi kuusikia. Nikasimama na kutafuta mkoba wangu.

"Sawa," nikasema.

"Sawa ya nini?" Dovie akaniuliza. Hakuwa ameondoka kwenye kipaza sauti. "Orville, hiyo ni demo."

"Dovie, mpenzi wangu, hujawahi kuimba hivyo maishani."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ukiifuta hatutaipata tena."

"Orville, nisikilize. Mtu wa kwanza kunirekodi, kule Birmingham, aliniambia sauti yangu ni bawaba ya geti inayohitaji mafuta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaenda nyumbani nikaiweka mbali, na tangu hapo naimba kwa sauti za watu, na zimenijengea nyumba yenye bafu tatu. Leo nimeitoa nimwonyeshe huyu msichana njia. Sikuitoa uipeleke dukani." Akavaa malapa yake. "Demo hairekodiwi ikauzwa. Mwenye wimbo husikiliza, halafu huimba yeye. Si ndivyo tunavyofanya? Au inakuwa hivyo kwangu tu?"

Nyuma ya kioo Hollis alimtazama Bwana Gann, na Bwana Gann akamtazama Dovie Rae, ambaye santuri zake ndizo zilizolipia kioo chenyewe, na kiti alichokalia bosi, na pengine suruali yake.

"Dada Dovie," nikasema, "usifanye hivyo. Tafadhali. Ni nzuri mno."

"Mdogo wangu, umesikia au hukusikia?"

"Nimesikia."

"Basi usinipotezee muda, rola hizi zinanichoma kichwa. Hollis, rudisha utepe nyuma."

Hollis akarudisha. Utepe ukirudi nyuma hutoa sauti ya kukwaruza haraka haraka, kama panya darini, na nilisimama mle nikiisikiliza, nikijua ni nini kinachorudi. Nilitamani kuuzuia kwa mikono. Taa nyekundu ikawaka.

Sikujaribu kuimba kama Dovie, na sikujaribu kutoimba kama Dovie. Nilimtazama amekaa pale, kitambaa kichwani, kidole kimoja kinampigia Lum mapigo gotini, nikamweleza habari za mama yangu kama unavyomweleza mtu aliyekuuliza. Mstari wa pili ukapita. Ulipita tu, kama mistari mingine. Nilipomaliza mpiga ngoma akaweka vijiti vyake kwenye mfuko, akavaa koti, na saa ikagonga.

"Haya," ikasema spika. "Huyo simjui. Nitamchukua."

Santuri ikatoka na jina langu katikati. Haikufika namba moja, ilifika thelathini na kitu, ikanipa nyingine, na ile nyingine ikanipa maisha. Mtangazaji wa Knoxville alisema ninaimba kwa sauti isiyofanana na ya mtu yeyote, na jambo hilo liliandikwa sana hata nikaanza kulisoma kwenye mabango yangu mwenyewe. Kila nilipolisoma niliona aibu kidogo. Dovie aliendelea na kwikwi yangu mpaka alipostaafu. Nilimwomba mara nyingi aimbe vile tena, jikoni kwake, kwenye basi lake, nikampigia magoti kabisa siku yake ya kuzaliwa. "Mara moja inatosha," alikuwa akisema, na kubadilisha mazungumzo kuwa ya mapishi. Akafa bila kuimba vile tena, na sina neno zuri la kueleza jinsi ninavyomkumbuka.

Mwaka jana kijana mmoja mwenye ujuzi na heshima zake aliniita kwenye jengo jipya la kampuni ya santuri. Wanachukua tepe za zamani na kuzisafisha kwa mashine, ili zitoke tena. Alikuwa ameipata yangu, ile ya asili, kutoka stoo ya kampuni.

"Kuna uchafu kidogo mwanzoni, mama," akasema. "Kabla gitaa halijaingia. Naona fundi wa siku hizo alichelewa kidogo kubonyeza, kikabaki kitu cha zamani chini yake. Naomba ruhusa yako nikikate."

Akaichezesha tepe. Mlio wa utepe, kisha mwanamke akasema neno moja, kavu, kama anayeita mlangoni: Mama. Kisha kitu kikakatika, gitaa likaingia, na nikaanza kuimba mimi.

Nilimwomba arudishe. Akarudisha. Nikamwomba tena, na tena, naye alikuwa mvumilivu, lakini mwishowe akaniuliza kama namfahamu mwanamke yule.

"Huyo ni Dovie Rae Culpepper," nikamwambia.

Kijana akatabasamu kwa adabu, vile wanavyotabasamu wakiongea na wazee.

"Hapana, mama," akasema. "Dovie Rae namjua vizuri, santuri zake zote ninazo. Huyu si yeye."